Kisima Chetu na Tangi la Petroli

Asubuhi ile ng'ombe mzee aliinamisha kichwa kwenye hori, akapumua juu ya maji mara moja, akageuka akaondoka. Nyuma yake walikuwa wengine wapatao thelathini, wenye kiu ya siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Mwenye ng'ombe, Mwoorma mrefu aliyekuwa akinywesha kwetu tangu baba yangu angali hai, alichovya kidole majini, akakinusa, akanitazama.

"Dada, maji hii iko na kitu."

"Kitu gani? Nimeyateka sasa hivi, nawe umeniona."

"Kitu gani mimi sijui. Lakini huyu," akamwonyesha yule ng'ombe mzee, "huyu hapana sema uongo. Binadamu nasema uongo. Mimi pia nasema. Huyu hapana."

Ndivyo walivyofanya wachungaji wote wa kwao. Wakifika kwenye maji, ng'ombe mmoja mkongwe hutangulizwa peke yake, na kundi huzuiliwa kwa fimbo mpaka anywe. Akikataa, hawabishani naye. Aliwapigia wanyama wake mluzi, akaelekea mtoni, mwendo mrefu wa kuzunguka mashamba ya watu. Niliteka tena, nikanywa. Ladha haikuja kwenye ncha ya ulimi, ilikuja baadaye, nyuma kabisa, kama moshi wa taa. Nilipoiinamisha ndoo juani niliona juu yake rangi zilizokuwa zikicheza kama shingo ya njiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa amekufa, mama akamfuata kabla mdogo wetu wa mwisho hajajua kusimama. Tulibaki wanne: mimi, mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na mitatu, mwingine wa kiume wa minane, na huyo kitinda mimba. Shule niliiacha darasa la tatu, wala sikuililia sana, maana kulikuwa na midomo ya kulisha. Shamba letu la ukingoni lilikuwa dogo, na mto wa Tana ukikasirika ulilichukua lote. Kilichotuweka pamoja ni kisima. Baba alikichimba nyuma ya Garsen, kwenye mkondo wa zamani ambao mto uliuacha, kando ya njia ya ng'ombe. Wakati wa kiangazi wachungaji walinywesha pale badala ya kupita katikati ya mahindi ya watu, nao walitupa maziwa kila siku. Kwa maziwa hayo kitinda mimba alikua.

Baba yangu mdogo, aliyekaa Chara, hakupenda mpango wetu. Alitaka kutugawa: wawili kwake, mmoja kwa shangazi huko Kulesa, na mimi niolewe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu wazi, mbele ya wazee, "Maadamu kisima kinawalisha, kaeni. Siku kitakapokauka nitakuja kuwachukua, na sitaki kilio." Nami niliitika, kwa kuwa nilijua kisima kile hakikauki. Sikufikiria kwamba kisima kinaweza kujaa maji na bado kikafa.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeenea. Wanawake waliokuwa wakiteka kwetu walikuja na mitungi mitupu ili waone kwa macho.

"Mafuta ya taa hayo," alisema mmoja. "Jana nimemwona mdogo wako na debe."

"Debe la unga," nikasema.

"Debe ni debe. Watoto wasio na mama huoshea taa kisimani, nani wa kuwakataza?"

Kisima chetu kilikuwa na sheria moja ya baba: hakishuki chombo chochote isipokuwa ndoo yetu ya ngozi. Madebe yote ya Garsen yalikuwa yamekuja na mafuta ya taa kabla ya kubeba kitu kingine, na debe hata ulisugue kwa mchanga wiki nzima halisahau lilikotoka. Nilikwenda nyumbani nikamkuta mdogo wangu wa kike anatwanga. Sikumuuliza. Nilimpiga kofi, ndipo nikauliza.

"Sikushusha debe," akasema.

"Watu wamekuona."

"Wameniona na debe. Nani ameniona kisimani?"

Nikamwambia achukue kamba twende tukakimwage kisima.

Tulikikomba mchana kutwa, yeye juu akivuta, mimi chini nikijaza ndoo mpaka nikafikia matope, nayo matope nikayatoa. Maji mapya yalipoanza kuchuruzika kutoka kwenye mchanga niliyanusa, yakawa hayana neno. Nikasema basi, tumemaliza. Nilifunika mdomo wa kisima kwa vigogo vya mti wa mkoma, nikaweka miiba juu, na kuzunguka pande zote nikanyunyiza jivu laini, ili mtu akija nimjue kwa nyayo.

Siku mbili maji yalikuwa mazuri. Siku ya tatu harufu ilirudi, na nguvu zaidi. Jivu lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Palikuwa na nyayo za kwale tu, na kwale habebi debe.

Ikiwa hakuna aliyekuja kwa juu, basi kitu kile kilikuwa kikija kwa chini, pamoja na maji yenyewe. Na ikiwa kinakuja kwa chini, basi nilikuwa nimempiga mtu asiye na kosa. Hilo la pili nililiweka kando kwa siku ile, kwa sababu wazee wa Gasa, baraza letu, walikuwa wameshaniita.

Walisema kisima kifukiwe kabla mtu hajaugua. Tena mmoja wao alikuwa amemtumia salamu baba mdogo kule Chara. Nikawaomba siku saba.

"Za kufanya nini, mwanangu?" aliuliza mkubwa wao.

"Za kujua yanatoka wapi. Mkikifukia bila kujua, mtafukia cha nani baada ya changu?"

Walitazamana. Wakanipa saba.

Garsen nzima hapakuwa na mafuta chini ya ardhi isipokuwa mahali pamoja. Mwenye duka la karibu na feri alikuwa amefukia tangi la chuma nyuma ya duka lake, ili malori yanayongoja kuvuka yajaze petroli. Juu yake alisimamisha pampu ya mkono, na watoto walikuwa wakienda kuitazama kama watu wanavyokwenda kutazama ngoma. Kutoka pale hadi kisimani kwetu ni kama hatua mia mbili. Mwenye duka hakuwa mtu wa mtoni, alizaliwa nchi kavu huko mbali, lakini alikuwa na heshima zake, na watu walimpenda. Nilimkuta amekaa na matanboi, vijana wasaidizi wa madereva wa malori, wakinywa chai.

"Bwana, nimekuja kwa neno la tangi. Nadhani linavuja."

Hakukasirika. Alicheka. "Binti, maji ya mvua huteremkia wapi?"

"Mtoni."

"Na mto uko wapi? Mbele ya duka langu. Kisima chako kiko wapi? Nyuma yangu, mbali na mto. Tangi likivuja petroli itakwenda mtoni, au itakuja kwako kwa ngazi?"

Matanboi wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Dada, uliishia darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Pole. Ungengoja la nne, ndiko wanakofundisha kwamba maji huteremka."

Niliwaacha wacheke. Katika kicheko chao nilikuwa nimesikia kitu ambacho nilikijua kuliko wao, nikarudi nyumbani kuchukua jembe na mtaimbo wa baba.

Udongo wa kwetu juu ni mweusi na mgumu, ukiupita unakuta mchanga, na katika mchanga ndimo maji yalimo. Wakati ule yalikuwa kina cha pima moja na nusu. Mimi na mdogo wangu tulianza kuchimba shimo la kwanza katikati, kati ya kisima na duka. Yeye alivuta mchanga kwa kapu bila kunisemesha. Wavuta kamba wa feri walipita, wakasimama.

"Mnamzika nani nyinyi?" mmoja akaita.

"Anayeuliza," akajibu mdogo wangu, na hilo ndilo neno lake la kwanza siku hiyo.

Shimo la kwanza lilinuka kuliko kisima. La pili tulilichimba karibu na ua wa duka. Hapo hata kabla ya kufika kwenye maji harufu ya mchanga wenyewe ilinipanda kichwani, nikalazimika kutoka nje na kukaa chini mpaka dunia iache kuzunguka. Tulipoyafikia maji, juu yake palikuwa na utando mzito kama mchuzi uliopoa. Nilimwambia mdogo wangu asimruhusu mtu mwenye sigara kusogea.

Kama ningekuwa na akili ya haraka ningeishia hapo na kukimbilia kwa wazee. Lakini nilijua mwenye duka angesema nini: kwamba madereva humwaga petroli wakijaza, imeloa pale juu tu. Kwa hiyo tulichimba la tatu mbele ya duka, upande wa mto, mahali ambapo kwa hesabu zake petroli ingekwenda. Maji ya shimo lile yalikuwa matamu. La nne tulilichimba ubavuni mwa duka, upande wa Kulesa, karibu na njia ya ng'ombe, nalo likatoka safi. Mikono yetu ilikuwa imechubuka yote. Siku ya saba ilikuwa imefika.

Wazee walikuja, na mwenye duka akaja, na nusu ya Garsen ikaja kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine ya kutazama. Nilikuwa nimemwomba yule Mwoorma alete ng'ombe wake mkongwe. Tuliteka maji ya kila shimo katika karai, moja baada ya jingine. La kwanza alikataa. La pili alirudi nyuma akapiga chafya, watu wakaangua kicheko. La tatu akanywa. La nne akanywa karai zima, akalamba na chini.

"Ng'ombe ya mimi iko darasa la nne," alisema yule Mwoorma, kwa kuwa habari ya matanboi ilikuwa imemfikia hata yeye.

Mwenye duka alikuwa ameacha kucheka. "Ng'ombe si hakimu," akasema. "Wazee, niambieni, maji yanaweza kuupa mto kisogo?"

Nikamwomba mkubwa wa wazee anijibu swali. "Mto ukijaa, babu, kisima chetu hupanda lini?"

"Siku ya tatu au ya nne. Kila mtu anajua."

"Bila mvua kunyesha hapa?"

"Mvua inanyesha huko juu milimani. Hapa hata wingu hakuna."

"Na mto ukipungua?"

"Kisima nacho hupungua, nyuma yake."

"Basi kati ya mto na kisima, nani anamnywesha mwenzake?"

Mzee akatazama upande wa mto, akatazama upande wa kisima. Kila mtu pale alikuwa akilijua jambo hilo tangu utotoni, ila hatukuwahi kulisema. Juu ya ardhi maji yanakwenda mtoni. Chini yanatoka mtoni, yanapita chini ya duka, yanakuja kwetu. Tangi lilikuwa limekaa katikati ya njia.

"Lakini tangi langu ni jipya," alisema mwenye duka, sasa kwa sauti ya chini. "Halina mwaka. Chuma kitupu. Litavujaje?"

Hilo sikulijua, na nilisema kwamba silijui. Nilimwuliza tu kwa nini pampu yake imeinama, maana nilikuwa nimeiona siku zote nilizochimba pale, imelala upande kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Imeinama tangu mafuriko."

"Na wakati wa mafuriko tangi lilikuwa na petroli?"

"Petroli kutoka wapi? Barabara ilikuwa chini ya maji mwezi mzima, lori halikuja. Lilikuwa tupu."

Mama mmoja, yule yule aliyesema habari ya debe, alipiga ukelele. "Tupu! Bwana, uliliacha tupu, na maji yanakuja?"

Watu wakaanza kucheka na kuguna pamoja, na mwenye duka akawa anatazama huku na huku bila kuelewa. Ikabidi mzee amweleze. Kwetu sisi wa ukingoni, mafuriko yakinusa mlangoni, jambo la kwanza mwanamke analofanya ni kujaza mitungi yake yote maji mpaka shingoni. Mgeni huona ni wazimu, kuteka maji wakati maji yanaingia ndani. Lakini mtungi uliojaa hukaa mahali pake, na mtungi mtupu huelea, hugonga nguzo, huvunjika. Hata mtoto wa miaka mitano anajua kukimbilia kuujaza mtungi mtupu. Tangi lile lilikuwa mtungi. Maji yalipopanda chini ya ardhi yalilinyanyua, udongo mweusi uliolegea haukuweza kulishika, na yalipopungua likakaa upya kombo, bomba lake likiwa limepindika.

Naye, nitasema haki yake, hakungoja kulazimishwa. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Alifunga pampu, akatumbukiza kijiti chake kirefu cha kupimia mbele ya wazee wawili, akakata alama kwa kisu. Jumamosi asubuhi alikitumbukiza tena. Petroli ilikuwa imeshuka upana wa vidole vitatu, na hakuna aliyeuza hata tone. Siku nyingi alidhani ni joto linaloinywa. Aliinyonya yote akaitia katika mapipa, akachimbua, na maungio ya bomba yakaonekana yamepasuka, unaingiza ukucha.

Siku ile ya ng'ombe na makarai, tukirudi nyumbani, nilimwambia mdogo wangu, "Nilikupiga bure."

"Najua."

"Basi nisamehe."

"Nitakusamehe ukichimba shimo la tano peke yako, mimi nimekaa."

Lakini kushinda hakukunirudishia kisima. Nililijua hilo tangu shimo la pili, na niliendelea kuchimba nikilijua. Kama lingekuwa debe la mafuta ya taa tungekomba maji mara mbili tatu yakaisha. Petroli iliyolowa kwenye mchanga wa hatua mia mbili haikombwi na mtu. Wazee walipokuja kukifukia niliwasaidia mwenyewe, jembe la kwanza la udongo likawa langu, kwa sababu sikutaka mtoto wa mtu anywe pale kwa kusahau. Mimi nilitaka kukiokoa, nikapata ushahidi wa kukizika. Sikujuta. Kama kisima kingefukiwa bila kujulikana kilichokiua, ningechimba kingine palepale, nacho kingekufa.

Baba mdogo aliwasili Jumatatu kwa mtumbwi, na mikeka miwili ya kulalia watoto. Alinikuta kwenye shimo la nne, upande wa Kulesa. Watu watatu wa mwenye duka walikuwa wakilipanua, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoamriwa na Gasa: kisima kwa kisima, kichimbwe na watu wake mpaka kinyweshe.

"Mwanangu, nimekuja kwa lile neno letu," akasema. "Nimeambiwa kisima kimefukiwa."

"Kimefukiwa, baba mdogo. Na hiki hapa."

"Hili ni shimo."

"Hata kile cha baba kilikuwa shimo siku ya kwanza."

"Na wakati mnangoja, watoto wanakunywa mtoni? Mamba wa pale feri unawajua."

"Nateka mimi, alfajiri, na kigogo cha kupigia maji mkononi. Wao hawasogei ukingoni."

Akainama kutazama ndani, na nikaona uso wake ukibadilika, si kwa huruma, kwa hasira ya fundi. Wachimbaji walikuwa wakipanga vigogo vya mkoma vya kuzuia mchanga, na walivisimamisha wima.

"Nani amewafundisha hivyo? Mchanga utaingia hapo kabla ya mwezi kuandama!"

"Wao si watu wa visima," nikasema. "Baba alivilaza."

"Alivilaza kwa sababu mimi nilimfundisha."

Alivua shati lake, akanipa, akashuka. Alikuwa na siku tatu tu za kukaa, akakaa nane. Alivilaza vigogo kimoja kimoja, vikipishana kwenye pembe, huku akiwatukana wale watu watatu kwa upole kutwa nzima, nao wakamzoea wakawa wanamwita babu. Kitinda mimba alikaa ukingoni akimpigia kelele kila ndoo ilipopanda. Siku ya nane maji yalifika kiunoni mwake, akapanda juu amejaa mchanga masikioni, na wachungaji wawili walikuwa wameshasimama njiani na makundi yao wakisubiri zamu.

Jioni aliwaona wadogo zangu wakigawana maziwa. Hakusema habari ya kuondoka nao, nami sikumuuliza. Asubuhi alikunja ile mikeka miwili, akaitazama, akaiacha ndani.

"Hawa wanalala chini," akasema. "Itawafaa."

Tulimsindikiza hadi mtoni. Maji yalikuwa yamepungua siku zile, mtumbwi ukawa umekwama kwenye tope, mzito. Tukausukuma sote wanne, kitinda mimba naye akiweka kiganja chake kidogo kwenye mbao, mpaka mkondo ukamchukua kuelekea Chara, peke yake.